Suti Iliyopimwa kwa Frank

Kuna wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa sindano. Klementi Nampoto alikuwa anaogopa futikamba. Usicheke kwanza. Hii hii ya fundi cherehani, laini, ya njano, yenye kibati mwisho, ambayo tangu dunia iumbwe haijamng'ata mtu. Akiiona tu imening'inia shingoni kwa fundi, anajikuta ameshavuka barabara bila kuangalia magari. Ndiyo maana mpaka anamaliza form six hakuwahi kushonewa hata kaptura. Sare za shule alinunua zile za kutundikwa, nguo nyingine mitumba, anachagua kwa macho. Inabana? Shauri yake. Inapwaya? Atanenepa.

Angeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si dada yake, Antonia, kupata mchumba.

Antonia ni mwalimu hapo hapo kijijini kwao Nyangamara, na ndiye aliyemlea Klementi tangu baba yao afariki, mama akiwa ameshatangulia zamani. Mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huwa hayarudishwi. Jioni moja anachambua mchicha, akasema bila kuinua macho:

"Klemu, wa kunishika mkono kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka mbele ni wewe."

"Mimi? Si yupo baba mdogo?"

"Baba mdogo yuko Msumbiji, hata simu yake ni ya kubahatisha. Ni wewe. Na sitaki uje na koti la mnadani limeandikwa jina la mzungu ndani. Kitambaa nimeshanunua, kiko Lindi mjini kwa mzee Rahemtulla. Wewe peleka mwili tu."

Peleka mwili tu. Klementi akahisi ubaridi unampanda mgongoni kama siafu.

"Kwa nini kwa Rahemtulla, dada? Mafundi si wamejaa."

"Kwa sababu ndiye aliyemshonea baba."

Sasa hapo ndipo penyewe.

Baba yao, Laurenti, alikuwa mkulima wa korosho, mrefu, mwenye jino la mbele lililovunjika, na katika maisha yake alishona suti moja tu. Aliishona kwa ajili ya jubilei ya parokia. Ikaletwa kutoka Lindi imefungwa kwenye magazeti, ikatundikwa kwenye msumari chumbani, watoto wakakatazwa hata kuipumulia. Jubilei haijafika, Laurenti akatoka shambani na kichwa kinamuuma. Akalala. Hakuamka vizuri tena. Ile suti akaivaa mara ya kwanza na ya mwisho akiwa ndani ya jeneza.

Hiyo peke yake ingetosha kumtisha mtoto wa darasa la nne. Lakini haikuishia hapo.

Kwao, mtu akifa, kabla ya kuchimba wanampima kwa kamba ili wachimbaji wajue shimo liwe refu kiasi gani. Babu Fidelis aliichukua kamba ya katani, akailaza juu ya Laurenti kutoka utosini hadi unyayoni, akafunga fundo huku na fundo huku, akatoka nayo nje. Akamwona Klementi amekaa kwenye kinu. "We, mbio, wapelekee wachimbaji. Ishike mkononi. Usiikunje."

Mtoto akakimbia. Kamba ndefu, yeye mfupi, ikawa inaburura vumbi, inanasa kwenye majani. Sasa mtoto atafanyaje? Akaitundika shingoni, akaendelea kukimbia. Alipofika makaburini, mzee mmoja mchimbaji akaegemea jembe lake, akamtazama.

"Haa! Umeivaa?"

Klementi akaitoa haraka.

"Imeshakujua hiyo," mzee akasema. "Siku ukilingana nayo, itakuita."

Wenzake wakacheka. Wachimba kaburi wana utani wao, bila huo jembe haliinuki. Kamba ikatupwa shimoni, wakapima, wakachimba, ikafukiwa humo humo. Yule mzee pengine alishasahau kabla jua halijazama. Klementi hakusahau. Na hakumwambia mtu.

Halafu akaanza kurefuka. Alirefuka kama aliyepandwa kando ya choo. Alipofika form four, akishuka stendi kina mama wanaziba midomo: "Jamani, Laurenti mtupu!" Wao wanamsifia, yeye anasikia kamba inavutwa. Akaanza kutembea ameinamisha mgongo. Shuleni walipopimwa urefu, alikunja magoti ndani ya suruali, mwalimu akaandika uongo. Hakutaka kujua. Mtu usipopimwa hulingani na kitu chochote, ndivyo alivyojiambia, na mpaka hapo ilikuwa imemsaidia.

Basi akaenda Lindi. Alifikia gheto kwa Frank, huko Mtanda. Frank na yeye wametoka kijiji kimoja, wamesoma dawati moja, na shati moja jeupe waliwahi kulivaa kwa zamu muhula mzima. Wakati wenzake wanasubiri matokeo kwa kulala, Frank alishapata pikipiki ya kuendesha, anapiga bodaboda, anamjua kila mtu. Frank ni mtu wa kelele. Akikununulia chapati, mtaa mzima utajua.

"Leo tunakwenda kukuumba upya, mwanangu," alisema asubuhi hiyo, anapiga kiki. "Utatoka pale mheshimiwa."

Duka la mzee Rahemtulla mbele linauza vitambaa, nyuma kuna cherehani na meza ya kukatia. Pikipiki iliposimama upande wa pili wa barabara, Klementi akaona ndani: mzee wa Kihindi mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na shingoni futikamba imening'inia, ncha moja huku, ncha moja huku. Imening'inia vile vile alivyoining'iniza yeye kamba ya baba yake siku ile.

"Oya, shuka. Tumefika."

Klementi hakushuka.

"Frank. Ingia wewe."

"Nikafanye nini?"

"Kapimwe wewe. Si tuko saizi moja?"

Frank akageuza shingo, akamtazama kama anayemtazama abiria aliyesahau anakokwenda. "We mzima? Suti yako, dada yako, nipimwe mimi?"

"Mimi..." Klementi akatafuta uongo, akapata wa karibu. "Mimi nikitekenywa nacheka. Nitajiaibisha mbele ya yule binti."

Maana kulikuwa na binti kaunta, mjukuu wa mzee, Zoya, ameshika chaki. Frank akaangua kicheko, pikipiki ikatikisika.

"Mtoto wa kiume! Anaogopa kutekenywa na babu wa watu! Haya, kaa hapo na chombo. Leo mimi ndiye Klementi Nampoto, mwana wa Laurenti."

Akavuka barabara anatembea kwa madaha. Na alipolitamka jina lile kaunta, kwa sauti yake ya stendi, Klementi alilisikia mpaka huku. Akataka kuita, Frank, rudi, nimeghairi. Hakuita. Akamwona Frank amenyoosha mikono miwili kama aliye msalabani, mzee anazunguka, futikamba inapita kifuani, inapita mgongoni, mzee anataja namba, Zoya anaandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa. Kila namba ikitajwa, Klementi anasikia kitu kinamtoka mwilini, anakuwa mwepesi, na hapo hapo aibu inaingia mahali pake.

Frank akatoka amevimba. "Mzee anasema nina kifua cha askari. Anasema turudi wiki ijayo kujaribu, itakuwa imepigwa bandi, imeshikizwa kwa uzi tu. Unaona? Hakuna aliyekufa."

"Usiseme hivyo," Klementi akasema.

"Nisiseme nini?"

"Hivyo."

Siku chache zikapita, Klementi akaanza kulala vizuri, hata akaanza kujicheka. Ikaja alasiri moja yuko gheto anapika ugali. Simu. Jina la Frank.

"Oya, ugali unakaribia..."

"Wewe ndiye Klementi?" Sauti siyo ya Frank. Nyuma yake honi, watu wengi wanaongea kwa pamoja. "Jamaa yako huyu kaanguka na pikipiki, kona ya Mnazi Mmoja, mchanga umemtoa barabarani. Jina lako ndilo la juu kwenye simu yake. Njoo hospitali."

"Anasemaje? Mpe simu niongee naye."

"Hajaamka, kaka."

Klementi hakumbuki alivyozima jiko. Hakumbuki kama alilizima. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa anakimbia kushuka kilima cha Mtanda na kichwani kuna sentensi moja tu inazunguka kama nzi kwenye chupa: alisema jina langu, akapimwa, alisema jina langu, akapimwa.

Wodini walimwelekeza kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Frank amelala chali, amenyooka, shuka jeupe mpaka kidevuni, kichwa kimefungwa bandeji, macho yamefumba. Yule mtu wa kelele, kimya. Klementi akasogea. Akaangalia miguuni.

Kulikuwa na kamba.

Kamba nyeupe imefungwa kwenye mguu wa Frank, inapita juu ya kigurudumu kwenye chuma cha kitanda, inashuka upande wa pili, na mwisho wake mfuko mzito unaning'inia, unauvuta mguu polepole. Nesi mmoja aliyepita akaona uso wake, akasema, "Usiogope, mfupa wa paja umevunjika, tunaunyoosha usipandiane. Kichwani ni mtikisiko tu, ataamka. Wewe ni ndugu yake?" Lakini maneno yalipita pembeni. Klementi aliona kamba na mtu amenyooshwa. Ilikosea mtu, akawaza. Ilikuja kunitafuta, ikaambiwa Klementi ni huyu.

Akatoka. Hakutoka kukimbia, ingawa nesi alidhani hivyo, akamsonya. Alikuwa anakwenda kuirudisha ile kamba kwake mwenyewe.

Dukani kwa Rahemtulla walikuwa wanakaribia kufunga. Ile suti ilikuwa imetundikwa ukutani, ya bluu iliyokolea, haina mikono bado, imepigwa bandi kwa uzi mweupe kila upande. Inafanana na ile ya msumarini. Klementi akasimama katikati ya duka anahema kama mbwa.

"Shikamoo mzee. Nipime."

"Marahaba. Kaa kwanza. Wewe nani?"

"Klementi Nampoto."

Mzee akashusha miwani. "Klementi alikuja wiki iliyopita. Kifua kama pipa. Kelele kama muuza samaki."

"Babu, huyu siye yule," Zoya akasema.

"Macho ninayo, Zoya."

"Yule ni rafiki yangu," Klementi akasema. "Vya kwake vifuteni. Vyote. Nipimeni mimi. Hapa, utosini, mpaka chini. Mpaka unyayo."

"Utosini?" Zoya akacheka. "Unashona suti au unashona na kofia?"

"Urefu wote, mzee! Kwa mara moja. Nataka nijue niko sawa na nani, yaishe. Mwenzangu anavutwa kule!"

Zoya akaacha kucheka. Mzee Rahemtulla akaishika futikamba yake shingoni, akaiviringisha kidoleni, akaifungua tena. Unaweza kusema alikasirika.

"Kijana. Utosi mpaka unyayo kwa mara moja, mimi sipimi. Hiyo kazi ina watu wake, na mimi nao hatugombei wateja. Umesikia? Mtu wa suti napima bega. Napima mkono, mpaka kiwiko, halafu mpaka kifundo. Kiuno. Paja. Goti. Vipande vipande. Kwa nini? Kwa sababu atakaa! Atasujudu, sijui ninyi mnapiga magoti. Ataokota shilingi. Nikimpima kama mti, akiinama tu suruali inapasuka, halafu anakuja kunitukana. Simama hapo. Geuka. Usipumue kama treni."

Klementi akageuka. Akafumba macho. Kibati cha futikamba kikamgusa nyuma ya shingo, cha baridi, pale pale ilipokaa kamba ya baba yake, na mwili wote ukawa jiwe. Alisubiri. Alisubiri kuitwa. Akasikia cherehani ya jirani, akasikia muadhini wa msikiti wa karibu akikohoa kwenye kipaza sauti. Futikamba ikapita begani. Ikashuka mkononi, ikasimama kiwikoni kweli, ikaendelea. Mzee anataja, Zoya anaandika.

"Inua mikono."

Akainua. Mikono ya mzee ikapita chini ya makwapa kuzungusha futikamba kifuani.

Na hapo Klementi akatoa sauti ambayo hajawahi kuitoa. Haikuwa kilio. "Mheee!" kama mbuzi aliyekanyagwa, mabega yakapanda, viwiko vikashuka kwa nguvu, kimoja kikaigonga miwani ya mzee ikaruka mpaka kwenye vifungo. Zoya akadondosha chaki. Klementi anajaribu kuomba radhi huku anacheka, anacheka huku machozi yanatoka, mzee akigusa tena anaruka tena. Ule uongo aliompa Frank kumbe haukuwa uongo. Hakujua. Angejulia wapi? Hakuwahi kupimwa.

"Simama wima!" mzee anafoka, anapapasa miwani. "Simama... Ngoja. Ngoja kwanza. Baba yako nani?"

"Laurenti. Wa Nyangamara."

"Mwenye jino la mbele limevunjika."

"Ndiyo, mzee."

"Lo! Yule bwana alinipiga kiwiko cha pua mimi! Hapa! Damu! Namwambia inua mkono, analia mbuzi, hivi hivi. Nikamshonea kifua kwa kukisia, wallahi, sikumpima kile kifua, alinishinda." Akamgeukia mjukuu wake. "Miaka yote napima watu. Wa hivi, wawili tu."

Klementi akajifuta uso kwa mkono. "Mzee... na urefu wake je? Tunalingana?"

"Nitakumbuka wapi urefu? Nimeshona Lindi nzima. Mimi nakumbuka pua yangu."

Zoya alikuwa ameokota chaki, anaangalia namba mpya na za zamani. "Babu, huyu na yule hawalingani hata kidogo. Kifua hiki chembamba. Mikono ndiyo ndefu kama mwiko wa kukorogea."

"Nimeona. Bahati yenu mikono haijashonwa. Koti nitalifumua." Mzee akaishusha suti ukutani, akavuta uzi mweupe wa bandi kwa meno, ukatoka wote kwa mara moja kama haukuwahi kuwepo. "Nenda kamwangalie huyo muuza samaki."

Njiani kurudi hospitali hofu haikuwa imekwisha, usifikiri hivyo. Ilikuwa imepumzika tu, na alipoingia wodini ikainuka tena, maana kitanda cha mwisho kilikuwa kimezungushiwa pazia. Akalifungua kwa mkono usio wake.

Frank alikuwa macho. Uso umevimba upande mmoja, jicho moja dogo kuliko jingine.

"Oya," akasema kwa sauti ya mtu aliyekunywa mchanga. "Ugali uko wapi?"

Klementi akakaa pembeni ya kitanda. Akafika mahali pa kusema pole, akasema yote. Kamba, yule mzee mchimbaji, kwa nini alikunja magoti shuleni, kwa nini alimtuma yeye kwenye lile duka kwa jina lake. Alisema akiangalia ule mfuko unaoning'inia. Alipomaliza, Frank hakucheka. Kumwona Frank hacheki ni jambo la kutisha kuliko bandeji.

"Kwa hiyo ulinitanguliza."

"Frank..."

"Ulijua, ukakaa na pikipiki yangu upande wa pili wa barabara, ukaangalia."

"Nilijua. Yaani sikujua. Niliogopa."

Frank akageuza uso dirishani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaongeza sauti ya redio yake kwa adabu.

"Unajua kinachoniuma?" Frank akasema baadaye. "Siyo mguu. Ungeniambia, ningeingia vilevile. Kamba yako mimi inanihusu nini? Ningeingia nikaitukana. Lakini ungeniambia." Akavuta pumzi, akakunja uso kwa maumivu. "Wanasema Jumamosi wananipasua, waweke chuma. Nisipoamka, Klemu, nakuja kuifuata ile suti. Nakuja harusini, mbele ya padri, nakuvua."

Hakutabasamu. Klementi akabaki hajui kama ni utani, na Frank hakumsaidia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa harusi.

Kanisa la Nyangamara lilijaa mpaka madirishani. Klementi alisimama mlangoni ndani ya suti ya bluu, imemkaa kama ngozi, mikono imefika pale inapotakiwa kufika, na kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, simu. Tangu asubuhi alikuwa ameipiga namba ya Frank na haipatikani. Ameingia chumba cha upasuaji, nesi alimwambia saa mbili. Ameingia, aliambiwa tena. Halafu hata namba ya nesi ikawa haipokelewi.

Antonia akatoka kwenye gari, gauni jeupe kama karatasi, akamtazama mdogo wake kutoka viatu mpaka kola. Akampa mkono.

Kinanda kikaanza. Wakaanza kutembea. Vigelegele kulia, vigelegele kushoto. Walikuwa wamefika katikati, pale nguzo ya pili, simu ikatetemeka kifuani.

Mara moja, ikanyamaza.

Mara ya mwisho Frank alipopatwa na jambo, simu ilitoka kwenye namba ya Frank, na mwenye kuongea hakuwa Frank. Wanamjulisha nani? Jina la juu. Jina lake.

"Klemu, unatetemeka," Antonia akanong'ona, macho mbele.

"Suti inabana."

"Haibani. Tembea."

Akatembea. Kila hatua alikuwa anajua kwamba akiingiza mkono mfukoni atajua, na hakuingiza, maana mkono ule ulikuwa umeshika wa dada yake na hakuna mwingine wa kuushika. Hakuna wa kumtuma. Akafika mbele, akauweka mkono wa Antonia kwenye mkono wa mumewe, akarudi kwenye benchi, na kanisa zima likapiga magoti. Na yeye akapiga. Suruali ikajikunja gotini taratibu, haikupasuka.

Akaitoa simu chini ya benchi. Namba ya Frank. Ujumbe. Kidole kikakataa, akakilazimisha.

"Oya muuaji. Chuma kimeingia. Ganzi haijaisha, kiuno kushuka chini bado sisikii kitu, kama nimeazima miguu ya mtu. Tuma picha HARAKA nione nilivyopendeza."

Klementi aliziba mdomo, akachelewa. "Mheee!" ikatoka, ikapanda mpaka kwenye bati, padri akanyamaza katikati ya neno. Antonia akageuka na shela lake, macho yamemtoka, na chini ya shela, wallahi, alikuwa anajizuia kucheka.

Benchi la nyuma bibi mmoja akamgusa mwenzake. "Umesikia hicho kicheko? Laurenti mtupu."

Ubaridi ukampanda Klementi mgongoni, ule ule wa siku zote, polepole, kama siafu. Hakuukimbia. Watu wakaambiwa wasimame, na yeye akasimama, bila kuinama, urefu wake wote.